Diski ya picha kwa waifai iko polepole sana: ruta mpya, ripita, adapta za stima ama nivute kebo?

DadaPicha_Nakuru:
Wadau habari zenu. Niko Nakuru upande wa Kiamunyi, nafanya kazi ya picha za harusi na ruracio (sherehe ya mahari) nikiwa nyumbani. Nina diski ya terabaiti 4 iko sebuleni, imechomekwa kwa USB ya ruta ile tulipewa na watu wa intaneti, na mimi nakaa chumba cha nyuma, katikati kuna kuta mbili za mawe. Mdogo wangu anasaidia kuchagua picha akiwa sebuleni na laptopu yake ndio maana diski haiwezi kukaa kwangu tu.

Sasa shida. Nikibonyeza folda ya harusi moja vile vipicha vidogo vinatokea mstari mmoja mmoja, vingine vinabaki tu kijivu, nikishusha chini kidogo Windows inaandika haijibu, nangoja, vinakuja vitano, inakwama tena. Kukopi naona megabaiti 3 kwa sekunde, ikijitahidi sana 4. Faili moja ya RAW (picha ghafi kutoka kwa kamera) kwangu ni kama megabaiti 30 na harusi kubwa inafika gigabaiti 60, fanyeni hesabu, hiyo ni zaidi ya saa tano kuhamisha kazi moja na bibi harusi anapiga simu kila siku.

Nimeambiwa vitu tofauti tofauti. Mmoja anasema niongeze kifurushi cha intaneti, mwingine ripita (kifaa cha kurudia waifai ifike mbali), mwingine zile adapta za kupitisha mtandao kwa waya za stima ndani ya nyumba, kuna fundi anasema kebo tu. Pesa iliyoko saa hii ni ya kitu kimoja. Mngefanya nini?

FundiWaya_Kondele:
Dada, ya kifurushi ifute kabisa. Faili ikitoka kwa diski ya sebuleni kuja kwa laptopu yako haitoki nje ya nyumba, inazunguka hapo hapo kwa ruta, kwa hivyo hata ulipie Mbps (megabiti kwa sekunde) 100 ama usilipe kitu mwezi huu, spidi ya diski itabaki vile iko. Naona watu huku Kisumu wakiongezewa bili kwa sababu hii na inaniuma.

Kabla ununue chochote pima, na upime kwa faili moja kubwa kama video ya gigabaiti 2, usipime na folda ya picha. Chomeka diski moja kwa moja kwa laptopu, kopi, andika namba. Rudisha diski kwa ruta, weka laptopu kando yake na kebo fupi ya mtandao, waifai ukiwa umezima, kopi ile ile. Halafu waifai ukiwa kando ya ruta. Mwisho waifai ukiwa chumbani kwako. Mahali namba inaanguka sana ndio mahali pesa yako inafaa kwenda.

Na angalia kwa laptopu umeunganishwa na 2.4 ama 5 gigahezi, yale masafa mawili ya waifai, na inasoma Mbps ngapi. Kumbuka Mbps unagawanya kwa 8 upate megabaiti.

MilimaniKsm:
Mi nasema ruta mpya ya bendi mbili na usahau. 2.4 kwa estate imejaa, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, majirani wote wako hapo, maikrowevu pia iko hapo. Nilipohamia 5 gigahezi nilitoka kwa kuvumilia nikaingia kwa kufanya kazi, sasa nasoma megabaiti 40 na kitu nikiwa chumba kimoja na ruta.

FundiWaya_Kondele:
Chumba kimoja na ruta, ndio. Yeye ana kuta mbili za mawe. 5 gigahezi inachoka haraka kwa ukuta kuliko 2.4, kwa hivyo hiyo namba yako yeye hataiona. Sisemi ni mbaya, nasema apime kwanza.

MwalimuBungoma:
Naomba niongeze kitu watu husahau. Faili kubwa moja na faili ndogo elfu moja si kitu kimoja hata kama uzito ni sawa. Kila faili ndogo laptopu inaomba ruhusa, inafungua, inasoma, inafunga, na kila ombi linaenda na kurudi kwa waifai, na waifai ikiwa na kelele kila safari inachelewa. Mimi na mitihani ya shule, hati ndogo ndogo za miaka mingi, folda ya megabaiti 200 ilikuwa inachukua muda kuliko video. Nikaanza kuzifunga kwa zip moja kabla ya kuhamisha, nafungulia upande wa pili, tofauti ni kubwa bila kununua kitu.

Vile vipicha vyako vya kijivu ni hivyo hivyo. Windows ili ionyeshe kipicha kidogo inalazimika kwenda kusoma ndani ya kila RAW kupitia mtandao. Weka mwonekano wa orodha badala ya vipicha, folda itafunguka upesi.

EldoFaiba:
Dada unatumia Lightroom, ile programu ya kuhariri picha? Kama ndio, katalogi (faili inayoweka orodha ya picha zako) iwe kwa diski ya ndani ya laptopu, Lightroom Classic yenyewe haikubali katalogi ikae kwa diski ya mtandao. Na kwa maoni yangu dawa ya kwanza ni kubadilisha vile mnafanya kazi. Harusi ya wiki hii ikae kwa SSD, diski ya ndani ya laptopu, hariri hapo, ukimaliza ndio unasukuma kwa diski ya sebuleni usiku ukiwa umelala. Diski ya mtandao ni ghala, haifai kuwa meza ya kazi. Hii ni bure.

DadaPicha_Nakuru:
Asanteni sana. EldoFaiba katalogi iko kwa laptopu tayari, lakini mdogo wangu anahitaji kuona picha zile zile mchana huo huo, kwa hivyo ghala la usiku peke yake halitoshi. Mwalimu nimeweka orodha, kweli folda inafunguka, ingawa mimi kazi yangu ni kuangalia picha.

Nimepima leo. Diski kwa laptopu moja kwa moja megabaiti 110. Kebo fupi kwa ruta megabaiti 11, haipandi haishuki. Waifai kando ya ruta 5. Chumbani 3. Laptopu inasema 2.4 gigahezi, Mbps 72, na hii ruta nimeitafuta jina la pili la waifai nikakosa, naona haina 5.

FundiWaya_Kondele:
Hapo sasa umetusaidia wote. Diski yako ni nzima, itoe kwa lawama. Ile 11 ambayo haipandi haishuki ni mlango wa ruta wa Mbps 100, gawanya kwa 8 unapata 12.5, toa mzigo wa njiani unabaki na 11. Na 72 ya waifai ni namba ya hewani, ya kweli unapata karibu nusu, ukigawanya kwa 8 ni hiyo 4 yako ya siku nzuri.

Kwa hivyo uko na vikomo viwili vya spidi, waifai chini na mlango wa ruta juu yake. Ukivuta kebo na ruta hii hii unatoka 3 unaingia 11, na hutakuwa na zile kukwama kwama. Ukitaka kupita 11 lazima ruta yenye milango ya gigabiti (Mbps 1000). Ukinunua ruta mpya bila kebo, utapita 3 lakini kwa kuta hizo siwezi kukuahidi namba.

Ripita usinunue kabisa. Zile za kawaida zinapokea na kutuma kwa redio moja, kila data inasemwa hewani mara mbili, spidi inakatika nusu. Utaona vijiti vyote vya waifai vimejaa na faili bado inatambaa.

MilimaniKsm:
Hapo kwa ripita nakubali. Na dada kitu kidogo, hiyo diski ni ya USB 3.0 na iko karibu na antena za ruta? USB 3.0 inatoa kelele kwa masafa yale yale ya 2.4, Intel waliandika kuhusu hii 2012. Isogeze na kebo ndefu kidogo iliyokingwa vizuri uone kama ile 5 ya kando ya ruta itapanda.

MamaDuka_Lanet:
Mimi nilijaribu adapta za stima. Kwa boksi zimeandikwa mamia ya Mbps, kwa kweli unapata sehemu ndogo, na nyingi mlango wake wa kebo ni Mbps 100 kwa hivyo rudi kwa ile 11. Zilifanya kazi vizuri zikiwa kwa soketi za ukuta, nikiweka kwa ekstenshoni ya kuzuia mshtuko wa stima zinakufa. Na nyumba ya nyuma iliyo na mita yake ya tokeni hazikupita kabisa. Kama chumba chako kinatumia mita ya stima moja na sebule unaweza jaribu, ila omba muuzaji akubali urudishe.

RadiKakamega:
Swali moja muhimu, hicho chumba cha nyuma kiko ndani ya nyumba ama ni nyumba nyingine kwa boma? Huku Kakamega na Kisii radi tunaijua. Waya wa shaba ukipita nje kutoka nyumba moja hadi nyingine, radi ikipiga karibu inaingia nayo, inachoma ruta na laptopu pande zote mbili, hata mti ulio jirani unatosha. Kati ya nyumba mbili pitisha faiba na vigeuzi viwili vya kuunganisha faiba na kebo ya kawaida, kimoja kila upande, faiba ni kioo haibebi umeme. Lakini ile kebo ya faiba ya kutundika huwa na waya wa chuma wa kuibeba, huo uukate nje, usiuingize ndani.

DadaPicha_Nakuru:
Ni ndani, nyumba moja, kebo inaweza kupita juu ya dari. Nimeamua kebo kwanza. Ruta ya gigabiti mwezi ujao kazi za Desemba zikianza kulipa. Ninunue kebo gani?

FundiWaya_Kondele:
Cat5e inatosha gigabiti, Cat6 ukipata sawa. La muhimu iwe shaba tupu. Kuna nyingi sokoni ni alumini imepakwa shaba, zinauzwa bei ya chini. Mwambie akate kipande, kwaruza waya na wembe, ukiona rangi ya fedha ndani rudisha. Na fundi akifunga vichwa angalia nyaya zote 8 zimefika mwisho wa plastiki kabla abane, na zile zimepindwa pamoja asizifungue kuliko anavyohitaji. Mbps 100 inatumia nyaya 4 tu, kwa hivyo kebo mbovu itakuonyesha inafanya kazi na ruta ya sasa, halafu mwezi ujao ukileta ya gigabiti inabaki 100 na unalaumu ruta. Ipime zote 8 siku hiyo hiyo.

EldoFaiba:
Ukifika kwa ruta mpya usitegemee sana USB yake, prosesa za ruta nyingi ni dhaifu na zinachoka kuandika kwa diski ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows). Kompyuta kuukuu ya eks-UK yenye Linux ama Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) inafanya kazi ya diski vizuri zaidi, Pi 4 ina gigabiti kamili na USB 3.0, usinunue Pi 3 kwa hii kazi. Na kama ruta yoyote inakuomba uwashe SMB1 (njia ya kizamani ya kushiriki faili) kwa Windows, kataa, huo ndio mlango kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017.

DadaPicha_Nakuru:
Kebo imeingia jana, nyaya 8 zote zimesoma kwa kipimo. Megabaiti 11 mchana kutwa, haishuki, na vipicha vinajaa ukurasa mzima wakati nashusha. Harusi ya gigabaiti 60 sasa ni kama saa moja na nusu. Mdogo wangu amebaki kwa waifai na anasema hata kwake imekuwa afadhali kwa sababu siko hewani tena nikishindana naye.

MwalimuBungoma:
Hongera. Fundi, mimi kutoka ofisi hadi maktaba ni kama mita 40, jengo moja, kebo itafika bila spidi kupungua?

FundiWaya_Kondele:
Itafika mwalimu, mpaka mita 100 hakuna shida. Isipite pamoja na waya za stima kwa bomba moja tu.