Naomba ushauri: jiko la zamani la makaa ya mawe kwa banda la vifaranga

Ndugu zangu, nimerithi jiko zito la chuma ambalo halina jina la kiwanda linalosomeka, kwa kuwa kutu imekula kibao kilichokuwa mlangoni. Ndani yake kuna wavu mnene unaotikiswa kwa mpini, na chini ya wavu huo kuna tundu la hewa; kwa hiyo nadhani lilitengenezwa kwa ajili ya makaa ya mawe, ambayo huhitaji hewa kutoka chini, wala si kuni, ambazo huweza kuwaka vizuri hata juu ya majivu.

Nakusudia kupasha joto banda la vifaranga, ambao katika wiki ya kwanza huhitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi. Hofu yangu kubwa si moto kushika maranda, maana jiko naweza kulitenga kwa ukuta wa matofali, bali ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ingeua vifaranga na hata mimi ninayewahudumia usiku. Je, ufa mwembamba ulio kwenye shingo ya bomba la moshi unazibika kwa saruji ya kuhimili moto, au jiko hili libaki pambo tu?