Mkate wa matunda wa hamira: matunda yakishaingia tu, donge linagoma kuumuka

Nuru_jikoni
Wadau habari zenu, naomba msaada kwenye mkate wa matunda wa kizamani, ule wa hamira sio wa bekingi poda. Donge likiwa tupu linaumuka vizuri sana ila nikishatia zabibu, maganda ya chungwa na mdalasini basi, nasubiri weee halipandi, na nikioka unatoka mzito alafu kila zabibu imezungukwa na unga mbichi unaonata. Unga nusu kilo, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, sukari gramu 120, zabibu nalowesha kwenye chai ya rangi usiku kucha. Nauzingatia sana huu mkate, nataka uwe kweli mkate. Tatizo hamira au ukandaji?

fundi_tanuri
Hamira yako nzima, ingekuwa imekufa hata donge tupu lisingepanda. Ila umeibebesha mzigo. Sukari inavuta maji, hamira inabaki na kiu na mwendo unapungua, kwahiyo shusha mpaka gramu 60 au 70, utamu mwingine utatoka kwenye zabibu zenyewe. Hamira nayo ongeza, weka gramu 7. Mdalasini ukizidi unaidhoofisha hamira, kijiko kimoja cha chai kinatosha.

Alafu anza na chachu kama walivyofanya wa zamani: unga gramu 150, maziwa vuguvugu mililita 250 (yawe vuguvugu kweli, yakiwa ya moto unaiua hamira), hamira yote na sukari kidogo, koroga funika dakika 30 hadi 40. Ukikuta juu kumejaa mapovu na katikati kunaanza kubonyea ndo unaongeza unga uliobaki, yai moja, chumvi na sukari, unakanda, siagi gramu 60 inaingia mwishoni kidogo kidogo maana ikitangulia donge linachelewa kukaza. Kanda mpaka ukivuta kipande kwa vidole kinakuwa chembamba, mwanga unapita na hakichaniki. Donge lisipofika hapo haliwezi kubeba matunda.

mama_wawili
Si utie tu bekingi poda mambo yaishe? Mi nafanya hivyo, unapanda vizuri tu.

bibi_hamira
Mwanangu hiyo ni keki, nzuri lakini ni keki. Wa hamira unachanika nyuzinyuzi, na kesho yake ukiuchoma kidogo ukapaka siagi ndo unajua kwanini watu walikuwa wanasubiri.

Nuru, kuhusu zabibu, kulowesha ni sahihi kwasababu zikiwa kavu zinanyonya maji ya donge. Ila zichuje mapema, zitandaze kwenye kitambaa zikauke juu, zisiwe zinachuruzika. Ule unga mbichi unaouona ni maji ya zabibu yameloanisha donge pale pale zilipokaa. Wengine watakwambia zipake unga kwanza, sikushauri, unga huo ndo unageuka ute. Na usikande pamoja nazo toka mwanzo maana zinachana donge. Liumuke mara ya kwanza likiwa tupu, litandaze kwa viganja, mwaga matunda gramu 200 au 250, kunja, zungusha, kunja tena. Zinazochungulia juu zisukumie ndani, zikibaki nje zinaungua na kuwa chungu. Na hizo zabibu zinalala wapi?

Nuru_jikoni
Kwenye friji bibi, nazitoa natia hapo hapo!

bibi_hamira
Basi hapo donge linapigwa na baridi lote. Ziache nje mpaka baridi iishe kabisa. Na likiumuka mara ya pili, baada ya kutia matunda, usiangalie saa, lichelewe litakavyo, bonyeza kwa kidole, shimo likirudi taratibu na kubaki alama kidogo ndo unaoka.

Nuru_jikoni
Asanteni sana jamani. Moto kiasi gani na nitajuaje umeiva? Njiti inatoka na utomvu wa zabibu kila nikichoma, siielewi.

fundi_tanuri
Njiti achana nayo kwenye huu mkate. Moto nyuzi 180 za selsiasi, dakika 40 hadi 45, ukiona juu umeshapata rangi kabla ya muda funika na karatasi ya foili, sukari na maziwa vinaufanya uive rangi haraka wakati ndani bado. Kama una kipimajoto cha jikoni chomeka katikati, ukisoma 92 hadi 95 toa. Utoe kwenye chombo hapo hapo uuweke kwenye waya wa kupozea, na usiukate ukiwa moto, ndani bado unajikaza.