Mbeya hadi Iringa na watoto na bibi yao: tuanzie wapi?

Mama wa Uyole
Habari zenu. Likizo ya mwezi wa sita tunataka kutoka Uyole na watoto watatu, twende Iringa mpaka Hifadhi ya Ruaha. Mama mkwe wangu ni Mhehe, ana miaka 78. Tangu mwaka jana ananiambia, "Nitakufa sijamwona Mkwawa." Anasema lile fuvu la chifu wao, lililoko makumbusho ya Kalenga. Neno hilo linaniuma, sitaki liwe kweli. Wa pili wangu yuko darasa la tano, yeye wimbo wake ni Isimila na zana za mawe.

Gari ni Noah, siku ni tatu. Bibi magoti yanamsumbua. Tupangeje?

Kijana wa Ipogolo
Dada, mfikishie bibi shikamoo yangu.

Ukitokea Mbeya, Isimila unaikuta kabla ya mjini, zikibaki kama kilomita 20. Ondokeni alfajiri, na mwendo uwe 50 kwenye vijiji, tochi ni nyingi. Bibi abaki juu kivulini. Kule kwenye nguzo za udongo ni kushuka korongoni na jua ni kali. Mwanao atazame shoka za mawe vizuri, nyingine zinapita kiganja cha mtu mzima.

Kesho yake shikeni njia ya Ruaha. Kalenga iko hapo karibu na mji. Wajerumani waliivunja ngome Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kilipelekwa Ujerumani, kikarudi 1954. Mwili ulibaki Mlambalasi, mbele kwenye njia hiyohiyo. Bibi akiishia Kalenga atakuwa amemwona nusu. Tafadhali mfikishe na kaburini.

Mwalimu, Mafinga
Naunga mkono, ila Ruaha iondoeni safari hii. Hifadhi ni kubwa mno, na barabara ya vumbi kufika getini inatikisa. Magoti ya miaka 78 hayastahili adhabu hiyo. Siku ya tatu nendeni Lugalo, upande wa Morogoro. Wengi wanaijua Lugalo ya Dar, ile hospitali ya jeshi. Watoto wasimame penyewe, pale Wahehe walipokivizia kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua yeye mwenyewe. Mimi nilipeleka wanafunzi; walinyamaza bila kuambiwa.

Mama wa Uyole
Asanteni sana. Nimemsomea bibi yote. Mlambalasi hakuwa anajua kama panafikika kwa gari, amenishika mkono muda mrefu. Ruaha tumeiacha, watoto wamenuna kidogo.

Ila amebadilisha mpangilio: anataka tuanze kaburini, ndipo turudi Kalenga. Kwa hiyo asubuhi tutapita Kalenga bila kusimama. Kaka wa Ipogolo, kutoka gari linapoishia hadi kaburini ni kutembea kiasi gani? Nijue kama nibebe kiti.