Mjadala: Namba inahama, rekodi ya mkopo inabaki. Je, makampuni ya simu yalazimishwe?

Mleta mada, Dodoma mjini

Wakuu, salaam. Naleta hili kwa sababu wafanyabiashara wadogo wa hapa kwetu wanaumia nalo kimyakimya.

Tangu tarehe 1 Machi 2017 tunaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Unakwenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080, basi. Namba ya 0754 leo inaweza kuwa ya mtandao wowote. Lakini pita soko la Majengo uulize nani amehama. Wenye laini tatu kwenye simu mbili utawapata kila meza. Aliyehama utamtafuta mpaka uchoke.

Kinachowashika watu ni pesa ya simu. Dada yangu ana genge la nyanya na vitunguu. Mtandao wake wa zamani ulikuwa unasumbua kila jioni: mteja amelipa, ujumbe haufiki, mnabaki mnatazamana na foleni inakua. Akahama. Alitoa salio lote, akamaliza deni, kama utaratibu unavyotaka. Namba ileile, wateja walewale. Ila kule alikotoka alikuwa anaruhusiwa kukopa hadi laki tatu. Anachukua alfajiri kwenda kufunga mzigo, anarudisha kabla ya kulala. Alikohamia aliambiwa hastahili kukopa hata shilingi elfu moja. Kwao ni mtu mpya. Miaka yote ya kulipa kwa wakati haikuhesabika, na wiki hiyohiyo akaangukia kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza.

Hoja yangu ni moja: TCRA, ambayo ndiyo mdhibiti wa mawasiliano, na Benki Kuu wayaamuru makampuni kumpa mteja anayehama rekodi yake ya kukopa na kulipa, akiitaka mwenyewe, na mtandao mpya uipokee.

Msiniambie tuwaache wakubaliane wenyewe. Angalieni gharama za mwingiliano. Ukipiga simu kwenda mtandao mwingine, kampuni yako inailipa ile inayopokea kwa kila dakika. Kampuni ndogo simu zake nyingi zinakwenda mitandao mingine, kwa sababu watu wengi wako kwa jirani. Kwa hiyo kiwango kikiwa juu mkubwa anapata raha, na hana haraka ya kukishusha. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inawataka wazungumze, na wakishindwana mdhibiti anaingia. Aliingia kweli. Machi 2013 kiwango kiliwekwa shilingi 34.92 kwa dakika. 2018 kikawa 15.60, 2022 kikafika shilingi 2. Leo vifurushi vingi vimeandikwa "mitandao yote", na hiyo ni kwa sababu kumpigia wa mtandao mwingine hakumuumizi tena anayekuuzia dakika. Mnakumbuka enzi za kumuuliza mtu kwanza "uko mtandao gani" ndipo umpigie?

Hata kuhama na namba hakukuja kwa hisani. Kanuni zilikuwepo tangu 2011, mwaka uleule Wakenya walipoanza. Sisi tulisubiri hadi 2017.

Karibuni.

Mchangiaji, mfanyakazi wa kampuni ya simu

Mkuu, pole kwa yaliyomkuta dada. Lakini umeruka jambo kubwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, pochi kwa pochi. Hakuna aliyewalazimisha. Walikaa mezani, wakapanga nani anamlipa nani na makosa yanarekebishwaje, ikaenda. Mazungumzo yakiwa na faida kwa pande zote yanafika.

Rekodi ya mkopo ni kitu kingine. Kampuni, na benki iliyo nyuma yake, zimeijua tabia ya mteja kwa kupoteza fedha. Kwa kila dada yako mmoja wapo waliokopa wakatupa laini. Hasara ile ndiyo iliyotufundisha nani wa kuaminiwa. Leo unataka jirani apewe somo hilo bure? Akipewa bure, kesho hakuna atakayethubutu kumkopesha asiyejulikana. Watakaoumia kwanza ni haohao wa Majengo, wale ambao bado hawana rekodi yoyote.

Mchangiaji, Kibaigwa

Mnajadili ya mjini. Mimi nanunua mahindi vijijini huku Kongwa. Kuna vijiji unashika mtandao mmoja tu, tena mpaka upande kichuguu. Nihame niende wapi? Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule wa kupeleka mawasiliano vijijini, uko hapohapo Dodoma. Tuanze na minara, hayo mengine yafuate.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Kibaigwa, sikupingi hata kidogo. Palipo na mnara mmoja hakuna cha kuchagua, na mjadala wa minara ninauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mkulima anayekuuzia mahindi akija sokoni anakuta mitandao yote, na hapo ndipo rekodi inapomfunga.

Kwa mkuu wa kampuni ya simu: mfano wa 2014 ni mzuri, ila umalizie. Vodacom, mwenye wateja wengi kuliko wote, aliingia 2016. Miaka miwili! Waliokimbilia makubaliano ni wale waliokuwa na cha kupata, na aliyekuwa na watu wengi hakuwa na haraka. Ndiyo tabia ileile ya gharama za mwingiliano, na ndiyo tutakayoiona kwenye rekodi.

Kuhusu hasara, nakusikia, na hoja hiyo ina uzito. Basi ilipiwe. Siombi mtandao mpya uupate mfumo wenu wa kupima wateja. Huo ni wenu. Naomba ukweli wa mteja tu: alikopa lini, kiasi gani, alirudisha lini. Mikopo hii mingi fedha yake ni ya benki, na benki tayari zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Njia ipo. TCRA iagize iwepo ada ndogo ambayo mtandao unaompokea mteja unaulipa ule anaouacha, kama ilivyo kwa dakika za simu, na kiasi chake mkizungumze wenyewe kwanza. Mkishindwana juu ya ada hiyo ndani ya muda uliowekwa, mdhibiti aitaje.

Sasa niambie, mkuu: kwa ada ya namna hiyo kampuni yako ingekubali, au bado mngetaka rekodi ya dada ibaki kwenu hata baada ya yeye kuondoka?