AC ya gari inaisha gesi kila mara, fundi haoni inapovujia

mzee_wa_foleni: Wakuu habari za saa hizi. Nina gari ndogo ya Kijapani ya 2006, ikijazwa gesi inapiga baridi la kufa mtu, wiki chache zikipita inaanza kupuliza upepo wa kawaida mwisho joto tupu, na kwa hii Dar ya Januari ukikaa foleni ya Mbagala na vioo umeshusha unafika kazini umeloa. Fundi anapaka povu la sabuni kwenye maungio, anasema haoni kitu, ananijazia tena na hela anachukua. Kompresa inashika, feni zinazunguka. Leki inatafutwaje mpaka ionekane jamani? Nimechoka kununua gesi ya kupeperusha hewani.

fundi_baridi: Mkuu gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli, ikiisha ndani ya wiki chache ujue kuna tundu, na huyo fundi anayejaza bila kulitafuta anakulia hela tu. Kwanza fungua boneti uangalie kwa macho. Ndani ya mfumo kuna oili inatembea pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapotokea na oili inatoka kidogo, vumbi linanasa hapo panakuwa na uchafu mweusi wenye mafuta. Angalia maungio yote ya mabomba, mbele ya kondensa (ile kama rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), halafu kompresa pale nyuma ya kluchi, sili ya shafti ikichoka oili inarushwa kwa kuzunguka. Na vile vizibo vya plastiki vya sehemu ya kujazia kama havipo ujue valvu zimekula vumbi, hapo panavuja sana na watu wanaparuka.

Sabuni ni nzuri ila inategemea presha. Gesi ikiwa imeshapungua unapaka povu mpaka jioni hupati kitu. Na usipake upande wa bomba nene AC ikiwa inafanya kazi, maana presha ya upande ule inashuka mpaka psi 30 hivi (psi ni kipimo cha presha), zima gari subiri pande zote zilingane, R134a, yaani gesi ya AC yenyewe, ikiwa ya kutosha kwa joto letu utakuta psi 90 mpaka 100, hapo ndio upake.

kijana_wa_likoni: Huku Mombasa kondensa ndio zinaongoza, chumvi ya bahari inakula alumini halafu mawe ya barabarani yanamalizia. Mimi nilitiwa ile rangi ya UV, inaingizwa na gesi, unaendesha gari siku kadhaa, usiku unamulika na taa yake ukiwa umevaa miwani ya njano, palipovuja panawaka kijani-njano. Yangu ilikuwa kona ya chini ya kondensa, mchana hakuna aliyeona.

bosi_nyundo: Nyie mnahangaika bure, kuna dawa ya kuziba leki inauzwa madukani, unamimina kazi imeisha

fundi_baridi: @bosi_nyundo usimpoteze mwenzio. Ile dawa inaganda ikikutana na hewa au unyevu, sasa mfumo uliowahi kufunguliwa bila kuvutwa vakyumu vizuri, yaani kunyonywa hewa yote, inaganda humo humo ndani, ekspansheni valvu (kijitundu kinachopunguza presha ya gesi) inaziba, na mashine ya fundi mwingine atakayekuja kunyonya gesi inaharibika. Gereji nyingine wakijua umeitia hawaigusi gari.

Mleta mada, kama rangi haionyeshi kitu chini ya boneti basi mshuku evaporeta, ile inayopoza upepo, iko ndani ya dashibodi huioni. Mulika lile bomba dogo la kutolea maji chini ya gari, rangi ikionekana pale jibu umelipata. Mwenye kile kipimo cha kunusa gesi naye akipitishe taratibu CHINI ya maungio, R134a ni nzito kuliko hewa inashuka, wengi wanapitisha juu wanasema gari nzima. Kwa evaporeta gari izimwe, gesi ijikusanye kwanza kwenye boksi, ndio unuse kwenye matundu ya upepo.

Njia ninayoiamini zaidi ni naitrojeni kavu. Gesi iliyobaki inanyonywa, unaingiza naitrojeni kwa REGULETA (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) mpaka psi 150 hivi, unafunga, unatazama geji, ikishuka unapita na sabuni kila kiungo. Oksijeni ya wachomeleaji usithubutu, ikikutana na oili kwa presha inalipuka. Vakyumu nayo inasaidia kujua kama kuna leki ila haikwambii iko wapi, na kuna oringi (pete za mpira za kwenye maungio) zinavuja ikisukumwa tu, ikivutwa zinabana.

mama_wawili_Arusha: Hivi na kwanini mafundi wengine wanajaza kwa kuangalia geji tu? Mimi wangu anapima kwa mzani, anasoma gramu kwenye stika ya chini ya boneti.

fundi_baridi: Huyo mshike dada, usimwache.

mzee_wa_foleni: Nashukuruni wakuu. Nimepata fundi mwenye naitrojeni, geji ikashuka, chini ya boneti sabuni haikutoa hata povu moja ila kwenye lile bomba la maji tukaweka povu likawa linavimba lenyewe. Evaporeta. Dashibodi inashuka yote, anasema atabadili na oringi pamoja na ile draya ya kunyonya unyevu. Sasa swali jingine, evaporeta nichukue yuzdi ya Japani au mpya ya Kichina?

kijana_wa_likoni: Dashi ikishashushwa usirudishe yuzdi, kazi ya kuishusha tena utailipia wewe. Chukua mpya, ipigwe presha mezani kabla haijafungwa