Finchi watano wamejitutumua, wawili wanatoa sauti ya "tik tik" usiku: nianzie wapi?

Banda_Entebbe

Habari zenu wafugaji. Banda langu liko nje, hapa Entebbe: mita 3 kwa 2, kwenda juu mita 2. Walikuwemo ndege wadogo wala mbegu: finchi milia 18 na finchi wa Kibengali 6. Nusu ya paa ni mabati, nusu ni wavu mtupu, na sakafu ni udongo. Mvua imepiga wiki mbili mfululizo na udongo haujakauka.

Wawili wamekufa. Wagonjwa sasa ni watano, na naona hawafanani. Wawili wanapumua mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka, na usiku pakitulia nasikia "tik, tik" kama ukucha unaogonga meza. Watatu wengine wanapumua vizuri ila kinyesi ni maji ya kijani, manyoya ya nyuma yamegandana, na mfupa wa kidari umechongoka. Kwenye mizani wana gramu 9.4, 9.8 na 10.1, wakati wazima wana 13 hadi 14. Wote watano wamejitutumua manyoya mchana kutwa.

Nimewapa oksitetrasaiklini kwenye maji siku tatu, hakuna mabadiliko. Chakula ni ulezi, uwele, dodo (mchicha) kila asubuhi na maganda ya mayai yaliyopondwa. Je, huu ni ugonjwa mmoja au miwili? Ivermektini (dawa ya vimelea) ya ng'ombe ya 1% inawafaa? Na umeme ukikatika jioni niwapashe joto na nini?

Mama_Ndege_Jinja

Ndugu yangu, pole sana. Kabla ya dawa yoyote, joto. Finchi wa gramu 10 aliyejitutumua anachoma akiba yake yote kujipasha, na akikosa kula siku moja tu anaweza kufa hata kama dawa ni sahihi.

Tafuta tundu dogo, sentimita 45 kwa 30 linatosha, uwatenge leo hii. Wanaotoa sauti tundu lao, wanaoharisha lao. Wakamate usiku kwa tochi wakiwa wamelala; kuwafukuza na wavu mchana kunawamaliza. Shingo ikae kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ulale kwenye kiganja, na usibane kifua. Ndege hupumua kwa kidari kupanda na kushuka, ukikibana unamziba pumzi.

Funika tundu pande tatu kwa kitambaa. Balbu iwe ile ya zamani yenye waya ndani, wati 40, nje ya tundu upande mmoja tu, ili ndege achague kusogea au kukaa mbali. Balbu za LED hazitoi joto la maana, na taa ya vifaranga ya wati 250 itamchoma kwenye nafasi ndogo hivyo. Weka kipimajoto pale anapokaa: unataka nyuzi 28 hadi 32. Akihema na kuachanisha mabawa, umezidisha. Tandika karatasi nyeupe chini ili uone kinyesi, na vyombo vya mbegu na maji viwe sakafuni au karibu sana na kijiti cha chini, maana mgonjwa hapandi.

Umeme ukikatika, tumia jerikeni mbili za lita 5. Jaza maji ya moto moja, ifunge kwa taulo, iegemeze ubavuni mwa tundu. Ya pili iandae ubadilishe baada ya saa tatu hivi. Tafadhali usiingize sigiri chumbani. Moshi wa makaa usioonekana unawaua ndege kabla wewe hujahisi hata kichwa kuuma. Vivyo hivyo kikaango kisichoshika chakula kikiungua: hewa yake inaua ndege kwa dakika chache.

Kwa wanaoharisha, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Wape siku ya kwanza badala ya maji ya kawaida, ubadilishe asubuhi na jioni kwa sababu yanachacha.

Daktari_wa_Mabawa

Umeangalia vizuri, ndugu. Ni magonjwa mawili, na ndiyo sababu dawa moja haikufua dafu. Oksitetrasaiklini inapigana na bakteria. Haigusi utitiri, haigusi koksidia (vimelea vidogo vya utumbo). Halafu umeitoa huku maganda ya mayai yakiwa bandani, na kalsiamu huishika dawa hiyo tumboni isifike kwenye damu. Isitishe.

Wale wa "tik tik" nashuku wana utitiri wa njia ya hewa. Thibitisha hivi: chumba chenye giza, mshike ndege, lowesha manyoya ya koo kwa pamba yenye spiriti kidogo ili ngozi ionekane, kisha mulika tochi ndogo kutoka nyuma ya shingo. Koromeo litang'aa kama bomba jembamba la rangi ya waridi, na utitiri utauona kama nukta nyeusi za ukubwa wa ncha ya kalamu, nyingine zikitembea. Usipoona kitu usiseme hayupo, huenda amejificha chini zaidi kwenye vifuko vya hewa.

Sasa ivermektini. Usidondoshe ile ya ng'ombe kama ilivyo! Kipimo ni miligramu 0.2 kwa kilo. Finchi wa gramu 12 anahitaji miligramu 0.0024. Dawa ya 1% ina miligramu 10 kwa mililita, kwa hiyo tone moja la mililita 0.05 lina miligramu 0.5, zaidi ya mara 200 ya anachohitaji. Ichanganye na propileni glaikoli (kimiminika cha kuyeyushia dawa): mililita 0.1 ya dawa, mililita 9.9 za glaikoli, utikise sana. Hapo kila mililita ina miligramu 0.1. Kwa sirinji ya insulini yenye alama 100 kwa mililita, ndege wa gramu 12 anapata alama 2 na nusu hivi, wa gramu 10 alama 2. Toa sindano. Puliza manyoya ya ubavu wa kulia wa shingo mpaka uone ngozi tupu na mshipa wa samawati, dondosha hapo. Rudia baada ya siku 14.

Wape na wale 17 wanaoonekana wazima, kwa sababu utitiri huu husambaa kwa kulishana, kukohoa na maji ya pamoja. Mgonjwa anaweza kupumua vibaya zaidi siku moja au mbili baada ya dawa, utitiri uliokufa ukiwa bado kwenye bomba la hewa. Mwache kwenye joto na utulivu, usimshike tena, na usirudie dozi kwa hofu.

Wanaoharisha na kukonda wanaweza kuwa na koksidia, lakini pia fangasi wa tumbo, minyoo au bakteria. Kinyesi kipimwe kabla hujanunua kitu. Kikusanye kuanzia saa tisa alasiri hadi machweo, maana mayai ya koksidia ya ndege hawa hutoka zaidi alasiri. Sampuli ya asubuhi inaweza kusema hamna kitu wakati wamejaa. Chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere kiko karibu na wewe. Mwambie mpimaji aangalie na kinyesi kibichi kwenye tone la maji ya chumvi, hasa ukiona mbegu nzima nzima ndani yake, kwani fangasi wa tumbo huonekana hivyo kama vijiti virefu vilivyonyooka.

Akifa mwingine, mlowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo ili apoe haraka, funga kwenye mifuko miwili, weka kwenye friji na si kwenye friza, umpeleke siku hiyo hiyo. Na wakianza kufa wengi kwa siku moja au mbili, usihamishe ndege yeyote. Mwite afisa mifugo wa wilaya. Mafua ya ndege yalithibitishwa kwenye ufuo wa Ziwa Victoria upande wenu Januari 2017.

Banda_Entebbe

Asante daktari, asante mama. Nukta nyeusi zimeonekana kwa wote wawili. Kinyesi cha alasiri kimeonyesha koksidia wengi, fangasi hakuna. Kwa dawa za koksidia, duka la dawa za mifugo hapa lina amproliamu ya unga 20%, toltrazurili hakuna. Propileni glaikoli pia hawana. Naweza kuchanganya ivermektini na maji au mafuta ya kupikia?

Daktari_wa_Mabawa

Hapana kwa yote mawili. Kwenye maji ivermektini haiyeyuki, hujitenga, na ndege mmoja atapata dozi ya ndege kumi. Mafuta yanagandisha manyoya na ndege anapoteza joto. Ulizia glaikoli kwa wauza kemikali za maabara au za vipodozi Kampala, chupa ndogo inatosha.

Amproliamu inafaa: gramu 1.2 za unga huo kwa lita 1, siku 5. Mizani ya jikoni haipimi gramu 1.2, kwa hiyo pima gramu 6 kwa lita 5 na umwage zinazobaki. Changanya mpya kila siku, ondoa dodo na chombo cha kuogea ili wasipate maji kwingine. Finchi milia huvumilia kiu, hivyo angalia kama kweli wanakunywa. Dawa hii inafanana na vitamini B1 na ndivyo inavyowanyima koksidia chakula chao. Ukiwapa vitamini B siku hizo hizo unaiondolea nguvu. Vitamini zianze siku ya sita. Ukiipata toltrazurili ya 2.5% baadaye, ni mililita 1 kwa lita, siku 2, kisha rudia baada ya siku 5, na usiichanganye na siki.

Fundi_Vizimba_Mbarara

Mimi nasema habari ya sakafu, maana wakirudi kwenye udongo ule ule mtaanza upya. Mayai ya koksidia yanahitaji unyevu, hewa na siku chache tu ili yaweze kuambukiza. Jiki haiyaui. Maji yanayochemka na ukavu ndivyo vinavyoyamaliza. Chota udongo wa juu sentimita 10, utupe mbali, mwaga zege lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlangoni, juu yake mchanga mkavu unaoweza kuubadilisha. Vijiti na vyombo vimwagie maji yanayochemka, uvianike juani.

Lile paa la wavu lifunike, angalau sehemu yote yenye vijiti na chakula. Kwera na ndege wengine wa porini hutua juu na kinyesi chao kinaingia ndani. Upande unakotoka upepo wa ziwa zuia kwa turubai, ila acha juu wazi hewa ipite. Wavu wa nusu inchi unazuia panya wakubwa lakini panya wadogo wanapenya. Chini mita 1 weka wa robo inchi, uuzike sentimita 40. Kinyesi cha panya kwenye ulezi kinaleta magonjwa ambayo amproliamu haitayagusa. Weka na chandarua jioni, mbu ndio wanaoleta ndui ya ndege, nayo haina dawa.

Kama kuna mparachichi karibu, hakikisha tunda wala jani haliangukii bandani. Parachichi ni sumu kwa ndege.

Mama_Ndege_Jinja

Naongeza moja la kuwarudisha, ndugu yangu. Usiwatoe kwenye nyuzi 30 ukawatupa nje. Wakifika gramu 12 na kinyesi kikawa na umbo, punguza nyuzi 2 kila siku mpaka taa izimwe usiku kucha na bado wamelaza manyoya. Kisha wapeleke bandani asubuhi ya jua, kamwe si jioni, ili wawe na saa kumi na mbili za kula kabla ya baridi ya kwanza. Mpaka mzani utulie, wape ulezi uliolowekwa usiku mmoja na kusuuzwa, na yai la kuchemsha lililopondwa, kijiko cha chai kwa ndege sita. Mabaki ya yai yatoe baada ya saa mbili.