Windows 11 kwenye laptopu ya GB 64: nisafishe, niweke Linux au ninunue ya boksi?

BintiMakorora:
Habari za jioni wakuu, naomba mawazo kabla sijaipeleka kwa fundi. Nina kilaptopu cha stesheneri hapa Makorora, Tanga, Celeron N4020, ramu 4GB, diski eMMC ya 64GB ila yenyewe inaonesha 57 na kitu, na hapo zilizo wazi ni 6 tu. Ina Windows 10, kila nikiwasha inanikumbusha nihamie 11, nikikubali inamaliza bando lote halafu inagoma na kuandika 0x80070070. Kazi zangu ni kuchapa, kuprinti, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za ajira na za mkopo mtandaoni, na kadi za harusi na za michango nazitengeneza kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kadi. Mmoja kaniambia safisha upandishe, mwingine weka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) usahau, wa tatu uza hiyo nunua ya boksi, zile zilizokwishatumika. Nyie mngefanya kipi?

FundiNgamiani:
Dada, hiyo 0x80070070 maana yake nafasi haitoshi basi, si kirusi wala diski haijafa, mtu asikudai hela ya "kuitibu". Prosesa yako imo kwenye orodha ya Windows 11, ramu 4GB na diski 64GB ndo kima cha chini wanachotaka, kwa hiyo kwa sheria unapita. Tatizo ni pale unapopandisha juu kwa juu, windo la zamani halifutwi, linawekwa kwenye folda ya Windows.old siku 10 ili ukijuta urudi, sasa kwa 57GB hao ni wake wenza chumba kimoja. Mimi kama hakuna 20GB wazi sianzi kabisa.

Nenda Settings, System, Storage uangalie nani anakula. Laptopu za stesheneri nazozifungua huwa ni walewale, Downloads na WhatsApp, mteja anatuma CV na vyeti unaprinti anaondoka, faili linabaki mwaka mzima. (Na jamani nakala za vitambulisho vya watu futeni, siku hiyo mashine ikiibiwa mtasema nini.) Ile programu ya WhatsApp itoe, tumia ya kwenye brauza. Halafu fungua Command Prompt kama administrator uandike powercfg /h off, hiyo inaondoa faili la kulaza mashine ambalo linakula nafasi na kuprinti halihusiani nalo. Malizia na Disk Cleanup, bonyeza pale pa Clean up system files, hapo ndo mabaki ya apdeti yanatoka.

MgosiPongwe:
Yote hayo ya nini mgosi, weka Linux Mint, ile nyepesi inayoitwa Xfce. Diski inataka 20GB tu kima cha chini, ramu hata 2 inawaka, na Mint 22 ina apdeti mpaka 2029. Fomu za mtandaoni zote ni Chrome au Firefox, huko hakuna anayekuuliza una windo gani. Kabla hujafuta chochote unaiweka kwenye flashi unawasha kwa flashi hiyohiyo unaijaribu, ikikubali printa na waifai ndo unaiingiza.

Dada_Stesh_Muheza:
Mgosi wewe unaongelea laptopu ya nyumbani. Mimi niko kaunta, naomba niseme yanayotukuta. Mteja anakuja na flashi ina ripoti ya Word kurasa 80, ukiifungua kwa LibreOffice, ile ya bure inayokaa badala ya Word huko Linux, jedwali linahama, namba za kurasa zinahama, na yeye basi la Dar linaondoka saa nane. Pili printa: Epson zile za matenki huwa hazina shida sana kwenye Linux, ila kama una Canon LBP2900 kama yangu jiandae kukesha. Tatu Publisher haimo kabisa huko. LibreOffice Draw inajitahidi kuyafungua mafaili ya .pub lakini maua ya kadi yanaweza kukaa usoni kwa bibi harusi.

Na dada hili la Publisher ujue hata huko Windows Microsoft wenyewe wametangaza wanaiondoa Oktoba 2026. Kadi zako anza kuzihamishia Word au Canva mapema, na zile za zamani ziseviwe PDF.

KijanaChumbageni:
Uza, nunua boksi. Ila fungua macho, maana laptopu nyingine za boksi hapa mjini ni waja leo waondoka leo. Watu wanakuwekea Windows 11 kwa kulazimisha kwenye ThinkPad T470 yenye prosesa ya kizazi cha 7, inawaka vizuri dukani, lakini Microsoft hawaitambui rasmi na apdeti kubwa za baadaye zinaweza kukugomea. Wewe usisome stika, fungua Settings, System, About usome namba ya prosesa. i5-8250U au 8350U hiyo ni kizazi cha 8, sawa. i5-7200U au 7300U acha hapohapo. Hata T480 na EliteBook 840 G5 ambazo watu wanaapa ni kizazi cha 8, zipo zilizotoka na cha 7, kwa hiyo jina la laptopu peke yake halitoshi.

Faida yake kubwa ni diski, hizo SSD unachomoa unaweka nyingine kubwa. Hiyo eMMC yako imechomelewa kwenye bodi, hapo ndo mwisho wa safari.

MzeeRaskazone:
Mbona hakuna anayesema abaki na 10? Msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, kweli, lakini kuna mpango wa nyongeza unaitwa ESU, unapata apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Masharti uwe na toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft, ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao hulipi, ukikataa ni dola 30. Nenda Settings kwenye Windows Update, utaona sehemu ya kujiandikisha. Hapo huhitaji hizo 20GB wala bando la kushusha windo zima.

BintiMakorora:
Asanteni sana. Nimeangalia, Downloads ina 11GB na WhatsApp 7, nimecheka mwenyewe. Maswali mawili. Kuna kadi ya memori ya 128GB nimeichomeka pembeni, windo haliwezi kukaa humo? Na nikipiga windo jipya la 11 badala ya kupandisha je, nitadaiwa namba ya leseni?

FundiNgamiani:
Kwenye kadi windo halikai, kadi weka mafaili ya kazi na Downloads yote uielekeze huko. Ila wakati wa kupandisha, windo likiona nafasi ndogo linaweza kukuomba uchomeke flashi au diski ya nje yenye 10GB na zaidi lijishikize kwa muda, hapo usichomoe mpaka limalize. Na chaji iwe imejaa, umeme wa mchana mnaujua.

Kupiga upya leseni haina shida kama hiyo ya 10 ni halali, imeshaandikwa kwenye bodi, ukiunganisha intaneti inajitambua. Flashi ya 8GB inatosha na Windows.old unaepukana nayo ukifuta patisheni (vigawanyo vya diski) za zamani. Lakini hamisha kila kitu kwanza, na hakikisha unajua akaunti ya Office yako, wengi wanakwama hapo. Baada ya hapo usitegemee miujiza, 11 likikaa linachukua 20 na ushee na kwa ramu 4 Chrome yenye tabu sita itakuchosha.

MzeeRaskazone:
Ndo maana nasema, ESU na Publisher vyote vinaisha Oktoba ileile. Safisha, baki na 10, hela ya boksi iwekwe kidogokidogo, mwezi huo uhame mara moja tu.

MgosiPongwe:
Halafu hicho kilaptopu mnipe mie nikiwekee Mint 😂

BintiMakorora:
Mzee nimekuelewa, nimejiandikisha ESU leo, WhatsApp nimeitoa na Downloads nimeihamishia kwenye kadi, sasa wazi ni 24GB. @KijanaChumbageni nikienda kutafuta boksi nitakupigia picha ya hiyo sehemu ya About kabla sijatoa hela. Mgosi subiri kwanza 😂

KijanaChumbageni:
Tuma tu. Na ya betri pia, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki, hapo muuza boksi atakuangalia vibaya.